Sambusa za Karani

Sambusa za karani nilizikunja kwa chuki. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu mwingine. Mama bado anasema sijawahi kukunja nyingine nzuri kama zile: kona tatu kali, mshono umefungwa, hata moja haikupasuka ndani ya mafuta. Hajui kwamba kila nilipobana kona nilikuwa nikibana sikio la mtu.

Mambo yalianzia shuleni. Nasoma kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana huko juu Meru, kwenye baridi na migomba. Siku ya kufunga muhula, mwalimu mkuu alituita wasichana watatu tunaotoka upande wa Isiolo, akatusimamisha mbele ya ofisi yake huku wengine wote wakipita na masanduku yao. Akasema hakuna atakayepokelewa tena bila barua ya serikali, inayosema kwamba nyumbani kwao hakuna mtu anayesaidia shifta, wale waasi wenye bunduki wa kaskazini. Bila barua hakuna kitanda, hakuna dawati. Alisema kwa upole, kama anatukumbusha tusisahau soksi. Msichana mmoja, ambaye kitanda chake kinagusa changu, akapita akasema, "Kwaheri, shifta," na wenzake wakacheka. Nilikuwa na majibu manne. Sikutoa hata moja. Ndivyo nilivyo. Maneno yangu huja yakiwa tayari kabisa, yakifika kooni yanakaa chini.

Nyumbani Bulla Pesa, mjini Isiolo, hali ilikuwa imezidi kuwa mbaya. Kwenda kuchota maji ilikuwa ni lazima mtu mzima abebe kipande, kitambulisho chake. Saa kumi na mbili jioni kila mlango unafungwa, na askari wakikukuta nje hawaulizi umetoka wapi. Baba, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa amekwama Wajir mwezi wa pili sasa, kwa kuwa kwenye njia ya kaskazini magari yalikuwa hayaruhusiwi kutembea ila kwa msafara wa jeshi. Nyumbani tulibaki wawili tu, mimi na mama.

Barua ilikuwa ya kutolewa na ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa. Lakini kwanza karani wake alikuwa aje nyumbani, aone tunavyoishi, ahesabu watu, aulize maswali. Kwa kuwa sisi ni Wasomali, fomu yake ilikuwa na mahali pa jirani wa kabila lingine, ambaye ni lazima aseme anatujua na atie kidole. Tukapewa Alhamisi, saa nne asubuhi.

"Utapika," mama akaniambia.

"Nimpikie nani, hooyo?"

"Karani."

"Anakuja kutupekua, na sisi tunamkaangia sambusa?"

"Anakuja nyumbani kwangu. Anayeingia hapa anakula. Kama anataka kunifunga, anifunge ameshiba."

Nilimchukia mama pia siku hiyo. Nilimwona kama mtu anayepiga magoti akiwa na sahani mkononi.

Na jirani wa kabila lingine tulikuwa naye mmoja tu, afadhali tusingekuwa naye. Ni mama wa Kimeru anayeuza viazi na kabichi sokoni. Kati ya nyumba yake na yetu kuna ua wa magunia. Ndugu yake alikuwa turniboi, msaidizi wa dereva, na shifta walimpiga risasi kwenye njia ya kaskazini, akafa juu ya magunia ya sukari. Wiki ya kwanza nilimwonea huruma hata nikalia. Kisha akaanza kumwaga maji machafu chini ya ua ili yatiririkie mlangoni petu, na kila alfajiri akawa anaita kwa sauti, "Amkeni, shifta, kumekucha!" Huruma yangu iliisha hivyo, kidogo kidogo, kwa maji ya kuoshea sufuria.

Jumatano jioni nilipanga vitafunio vitatu, vyote vya kufanyika haraka. Bajia za dengu, ambazo ni unga, maji, kitunguu, pilipili na dhania, unachota kwa vidole unadondosha kwenye mafuta. Kalimati, ambazo kazi yake kubwa ni kungoja unga uumuke. Na sambusa. Manda za sambusa mimi nina njia yangu rahisi: sisukumi nyingi nikizipanga na kuzibandua kwenye kikaango kama wanavyofanya mabibi wa zamani. Nasukuma kipande kimoja chembamba mpaka nione maua ya kitambaa cha meza kupitia kwake, nakata katikati, kila nusu inakuwa koni moja. Ukingo unaupaka uji mzito wa unga ushike. Hata mtoto anaweza.

Shida ilikuwa nyama. Tangu Jumatatu wanyama hawakuruhusiwa kuingia mjini kutoka malishoni, na bucha zote zilikuwa zimefungwa. Mama akasema nitie viazi. Nikasema viazi vitatoka kwa nani, kwa yule? Nikafungua kabati nikatoa mkebe wa nyirinyiri.

Nyirinyiri ni nyama iliyokatwa nyuzi ndefu, ikaanikwa juani, ikakatwa tena vipande vidogo kama punje za mahindi, ikakaangwa kwenye samli mpaka ikawa nyeusi na kavu. Mama huitia iliki na kitunguu saumu, kisha anaizamisha ndani ya samli ile ile na kufunga mkebe. Haiharibiki. Hutengenezwa kwa ajili ya wajomba zangu wanaochunga ngamia, wanaokaa miezi bila kuona duka. Nilichota vijiko vitano, nikaisaga kidogo kwenye kinu, nikachanganya na kitunguu kibichi na dhania ili isiwe kavu. Hakuna kupika tena, hakuna kungoja. Nilionja. Ilikuwa tamu kupita sambusa yoyote ya bucha, na hilo liliniudhi, kwa sababu ilikuwa inaenda kwa karani.

Alikuja saa tano, na akaingia na viatu. Mama alivitazama vile viatu vikipita juu ya mkeka mpaka vikasimama. Karani alikuwa kijana wa Kimeru, soksi ndefu, kalamu mbili mfukoni na doa la wino chini yake. Nyuma yake alikuja jirani, shuka mabegani. Akakaa kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje.

"Karibu ndani, mama," mama akamwambia.

"Hapa panatosha."

"Chukua basi chai."

"Nimekunywa kwangu."

Karani akafungua fomu juu ya goti. "Wangapi wanalala hapa?"

"Wawili. Tatu, baba yake akiwa."

"Na huyo baba yake yuko wapi?"

"Wajir, na lori. Njia imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na nyinyi," mama akasema, akammiminia chai.

Karani aliandika kitu kirefu kuliko jibu lenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama kando na sinia, macho chini. Nikaweka sinia mbele yake nikarudi ukutani. Alianza na bajia, kama mtu anayefanya wajibu. Akala kalimati mbili, akapangusa vidole kwenye soksi. Kisha akachukua sambusa. Akachukua ya pili. Alipofika ya nne aliacha kuandika kabisa.

"Hii sambusa iko tamu sana," akasema. "Nani amepika?"

Mama akanionyesha kwa kidevu.

"Wewe? Kumbe kuna mtu hapo ukutani!" Akacheka. "Sasa niambie. Bucha zimefungwa tangu Jumatatu. Mimi, mtu wa ofisi, nakula maharagwe siku ya nne leo. Nyinyi mmetoa wapi nyama?"

Mama alifungua mdomo, lakini karani akamkata. "Wacha mtoto wa shule aseme. Ndiye anataka barua."

Naona aibu kuandika hili: nilifurahi. Tangu nifike kutoka shule hakuna mtu aliyenisifu kwa chochote, na sasa adui mwenyewe alikuwa na mafuta yangu kwenye kidevu. Niliona nikijibu vizuri, kwa Kiswahili safi, atajua mimi ni msichana wa aina gani.

"Si ya bucha, bwana. Ni nyama ya kukaa. Tunaikausha na kuikaanga, tunaiweka ndani ya samli. Inakaa hata miezi sita." Nikautoa mkebe kabatini nikamwekea mbele yake.

"Miezi sita! Bila kuoza?"

"Bila kuoza."

"Na ni nani anahitaji nyama ya miezi sita?"

Hapa ndipo nilipojiharibia. Nyumbani, wale wajomba wanaochunga mbali tunawaita watu wa baadiye, neno letu la kule kwenye malisho. Sikutaka kutoa neno la Kisomali mbele ya karani. Kusema "watu wa porini" niliona ni kuwatukana, kama kusema ni wanyama. Nikatafuta neno la heshima. Shuleni, wasichana wa Meru wakitaja mahali popote pasipo na nyumba wanasema msituni. Nikalichukua hilo.

"Watu wa msituni, bwana," nikasema, kwa sauti ile ninayosomea darasani.

Karani aliteremsha sambusa ya tano polepole, akairudisha kwenye sinia ikiwa imeumwa.

Kwa wakati huo sikuelewa. Nilielewa baadaye kidogo, nilipoona uso wake nikakumbuka hadithi za usiku bwenini. Kwao huko juu, watu wa msituni hawajawahi kuwa wachungaji. Wakati wa Mzungu hilo lilikuwa jina la wapiganaji waliojificha kwenye misitu ya mlima, na wanawake wa vijijini walikuwa wakiwapikia na kuwapelekea chakula kwa siri. Nilikuwa nimemwambia mtu wa serikali, kwa Kiswahili changu kizuri, kwamba mama yangu anawawekea akiba wapiganaji.

"Rudia," akasema.

Nikaitazama ile sambusa iliyoumwa.

"Rudia, msichana. Watu wa wapi?"

Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, alikuwa ameshika tu kwamba neno limekosewa. Akasimama.

"Msitu gani? Isiolo iko na msitu? Toka nje unionyeshe mti mmoja mtu anaweza kujificha nyuma yake! Mbuzi yenyewe inakosa kivuli!"

"Mama, kaa chini. Mimi naandika kama mtoto alivyosema." Na akaanza kuandika. Nilisikia kalamu. Niliona dawati langu likipewa mtu mwingine, na mama akipelekwa kituoni, kwa sababu ya neno moja nililolichagua kwa adabu.

Ndipo jirani akacheka pale kizingitini. Kilikuwa kicheko kibaya cha puani.

"Unacheka nini, mama?" karani akauliza.

"Nacheka wewe. Huyu ndiye unamwandika? Mwaka wa tatu tunapakana, sijasikia akisema maneno matatu. Nikimtukana anakimbilia ndani. Leo amesema manne na yote ni makosa. Shifta gani atatuma bubu?"

"Amesema watu wa msituni. Umesikia."

"Nimesikia."

Kisha akageuza lugha, akamwambia kwa Kimeru, akidhani ni wao wawili tu wanaosikia. Lakini mimi nimelala miaka miwili katikati ya vitanda vya Wameru. Wakinisengenya wananisengenya kwa Kimeru. Nimejifunza yote.

Alimwambia hivi: "Chakula cha watu wa msituni mimi nakijua. Nilikibeba mgongoni nikiwa mdogo kuliko huyu, na mama yangu alivunjwa mkono kwa sababu yake. Wako je, hakupika? Kilikuwa kiazi cha kuchoma na mahindi, kimefungwa kwa jani la mgomba, hakina hata chumvi, kwa sababu ukikamatwa na kitu chenye harufu umekufa. Nusa huo mkebe. Nyumba nzima inanuka iliki mpaka kwangu. Hakuna mwanamke mwenye akili anayetia iliki kwenye chakula cha kufichwa. Hiyo ni nyama ya wachunga ngamia. Hata sokoni wanaiuza."

Karani akajibu kwa sauti ya chini, "Wewe unawatetea hawa? Baada ya ndugu yako?"

"Siwatetei! Wangehama kesho ningefagia nilipokuwa nawamwagia maji. Lakini umeniita niseme ninachojua, na unataka nitie kidole changu kwenye uongo. Kidole ni changu."

Walitazamana. Mama alikuwa akiniangalia mimi, anataka kujua wanasema nini, na mimi sikuthubutu kuonyesha kwamba najua. Karani alikata mstari, akaukata tena, mpaka karatasi ikatoboka. Akachukua fomu nyingine mkobani akaanza upya. Mwisho akamfungulia jirani kidau cha wino. Naye akatia kidole gumba, akakipangusa kwenye kizingiti chetu, si kwenye shuka lake. Alama hiyo iko mpaka leo, mama ameisugua kwa majivu haitoki.

"Barua njooni mchukue wiki ijayo," karani akasema. "Na huu mkebe naenda nao. Ni wa uchunguzi."

"Chunguza," mama akamwambia. "Ukimaliza rudisha mkebe."

Hakurudisha. Sambusa tatu zilizobaki alizifunga kwenye gazeti, nazo nadhani zilikuwa za uchunguzi.

Barua nilipewa baada ya siku tisa na safari nne za kwenda kusimama nje ya ofisi, kila mara nikiambiwa njoo kesho. Ilikuwa mistari mitatu. Niliisoma mara nyingi njiani hata nikajikwaa. Nilirudi shule! Nilitaka kupiga kelele, nikapiga moyoni.

Mama alisema ni lazima tumshukuru jirani. Akanikaangisha kalimati mpya, nikazichovya kwenye shira, nikapanga kumi na mbili kwenye sahani ya maua ambayo haitoki kabatini ila kwa Idi. Nilizunguka ua nikapiga hodi. Alikuwa amekaa juu ya gunia akichagua viazi vilivyooza.

"Mama anakusalimu. Amesema uchukue hizi."

Hakuzitazama. "Rudisha."

"Ni kalimati tu. Ni za asante."

"Za nini? Mimi nilisema kweli, sikusema yenu. Ndugu yangu amelala kwenye mchanga wenu huko na nyinyi mnaniletea vitu vitamu. Rudisha, nimesema."

Nilipaswa kuondoka. Lakini nilikuwa nimebeba maneno yake kwa siku tisa, ule mkono wa mama yake uliovunjwa, na nilidhani nikimgusa mahali pale atanitazama kama mtu. Kwa hiyo nikamshukuru kwa Kimeru. Nikaongeza, pia kwa Kimeru, "Pole kwa mama yako."

Kiazi kilisimama mkononi mwake.

"Kumbe ulisikia," akasema, kwa Kiswahili.

"Nilisikia."

"Yote?"

"Yote."

Nilidhani nimewahi kuona chuki usoni mwake. Nilikuwa sijaiona. Hii ya sasa ilikuwa na woga ndani yake, na ilikuwa yangu mimi peke yangu, si ya kabila langu. Akainuka, viazi vikamwagika miguuni.

"Sikiliza, wewe. Nyinyi ndio mnaosikiliza nyuma ya ukuta halafu mnajifanya bubu. Ukirudi huko shuleni usiseme lugha ya mama yangu. Usiiseme! Na mambo ya kwetu usiyaweke kinywani mwako. Toka."

Nikatoka. Majibu yalikuwepo, yalikuwa sita safari hii. Nilienda nyuma ya choo chetu, nikachutama, nikala kalimati zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine, bila kuzisikia ladha. Shira ilinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Kisha nikampelekea mama sahani tupu.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Amesema asante."

Mama akafurahi sana. Alisema kumbe moyo wake si mbaya, ni uchungu tu, na kwamba mimi nikishaondoka atampelekea sambusa kwa mkono wake mwenyewe. Nilitaka kumwambia asifanye hivyo. Badala yake nikaenda kupanga sanduku.

Niliondoka na lori la viazi lililokuwa likirudi Meru tupu. Barua mama aliishonea ndani ya sketi yangu, upande wa kushoto, ikawa inakwaruza paja kila lori liliporuka shimo. Jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono imekunjwa. Alinitazama tangu nilipopanda mpaka tulipopinda kona ya kizuizi cha askari. Hakupunga mkono, na mimi sikupunga. Nilikuwa nimeshinda, nilikuwa narudi shule, na njia nzima nilikuwa nikijiambia majibu yale sita, moja moja, kwa Kimeru, kwa sauti ambayo dereva hakuisikia.